Sekunde 13 za Arrowhead

Wazee wetu, akina mama na akina baba, na ninyi vijana mliojaa huko nyuma na jezi zenu za bluu, nawasalimu na nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nieleze kwa Kiswahili jambo ambalo watoto wetu hapa Buffalo hulitaja kwa namba moja tu, 13, huku wazazi wengi wakibaki kuwatazama bila kuelewa kwa nini namba hiyo huwanyima raha hata katikati ya kiangazi. Wengi wetu tulitoka Kivu, Bujumbura, Mombasa au bonde la Jubba tukafika katika mji huu wa theluji na mpira wetu wa miguu, na huu mpira wa Kimarekani, ambao huchezwa zaidi kwa mikono, tuliukuta hapa ukiwa na wenyewe na machungu yake. Leo ni nyumba chache za Grant Street zisizokuwa na mtoto anayeulilia. Nitazungumza basi juu ya usiku wa Januari 23, 2022, katika uwanja wa Arrowhead, Kansas City, jimbo la Missouri, ambako Buffalo Bills walitolewa katika hatua ya mtoano na Kansas City Chiefs kwa pointi 42 kwa 36, na nitatetea hoja moja ambayo najua si wote ukumbini humu wanaoiafiki, kwamba hatukushindwa na sarafu, ile iliyorushwa kuamua nani aanze na mpira katika muda wa nyongeza.

Kwa wale ambao mchezo huu bado ni mgeni kwao, timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne, na ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho wa uwanja, yaani kupata tachidauni, ni pointi 6, na baada yake huja teke la pointi 1 au jaribio gumu zaidi la pointi 2. Timu inayoona kwamba haitafika inaweza kuupiga mpira upite kati ya milingoti kwa pointi 3. Sheria nyingine mtazijifunza kwa watoto wenu. Jambo ambalo lazima mlielewe sasa hivi ni saa. Katika soka tuliyoizoea, mwamuzi hushika saa yake mwenyewe na kuongeza dakika kwa busara yake, nasi hubishana naye hadi Jumatatu. Katika mchezo huu saa iko juu ukutani mbele ya kila jicho, husimama pasi inapoanguka chini au mchezaji mwenye mpira anapotoka nje ya mstari, na kila kocha ana haki ya kuisimamisha mara 3 katika kila nusu. Hesabu hiyo ya mara 3 ikumbukeni, kwa sababu tutairudia.

Ni lazima pia niseme ni timu gani iliyokwenda Arrowhead usiku ule, kwani uchungu wa kushindwa hupimwa kwa tumaini lililokuwapo. Safu ya ulinzi ya Bills ilikuwa imemaliza msimu ikiwa ya kwanza katika ligi nzima, kwa yadi na kwa pointi ilizoruhusu. Wiki moja kabla, katika baridi kali ya uwanja wetu wa nyumbani, Orchard Park, Bills waliwachapa New England Patriots 47 kwa 17, wakapata tachidauni katika kila safari yao ya mashambulizi hadi pale walipopiga goti kumaliza mchezo, jambo ambalo hata waliolifuatilia soka hili maisha yao yote hawakuwa wamelishuhudia. Oktoba ya msimu huohuo walikuwa wamekwenda Arrowhead wakashinda 38 kwa 20. Pengo moja tu lilikuwapo, la mlinzi Tre'Davious White, aliyeumia goti mwezi Novemba.

Nyuma ya timu hiyo ilisimama historia ambayo kila mzaliwa wa mji huu anaijua kwa moyo. Januari 1991, jijini Tampa, Scott Norwood alipiga teke la yadi 47 zikiwa zimesalia sekunde 8 katika Super Bowl, yaani fainali ya ligi, mpira ukapita kulia mwa mlingoti, na Bills wakalala kwa New York Giants 20 kwa 19. Walirudi fainali miaka mitatu iliyofuata mfululizo na kushindwa mara zote tatu. Kisha ikaja Januari 8, 2000, mjini Nashville, ambako Bills walichukua uongozi wa 16 kwa 15 zikiwa zimesalia sekunde 16, wakaupiga mpira wa kuanzisha upya ukiwa mfupi, na Tennessee Titans wakaupokea, wakarushiana upande wa pili wa uwanja, na Kevin Dyson akakimbia yadi 75 bila kuguswa. Baada ya siku hiyo Bills hawakuonekana tena katika mtoano kwa misimu 17. Nawaomba mlishike hilo teke fupi la Nashville, kwa maana ninaamini lilikuwa uwanjani Arrowhead miaka 22 baadaye, ingawa hakuna aliyeliona.

Sehemu kubwa ya mchezo wenyewe nitaipita haraka. Hadi mapumziko ilikuwa 14 kwa 14. Katika robo ya tatu Chiefs walitangulia 23 kwa 14, na hapo mpigaji wao Harrison Butker alikosa teke jepesi la pointi moja, kosa ambalo lingekuwa gumzo la mwaka kama mambo yangeishia tulivyotaka sisi. Josh Allen, kwotabeki wetu, yaani kiongozi wa mashambulizi na mrushaji wa mpira, akamtumia Gabriel Davis pasi ya yadi 75 na ikawa 23 kwa 21. Chiefs wakaongeza pointi 3. Zikiwa zimesalia karibu dakika 9, Bills wako nyuma 26 kwa 21, Allen alianza safari iliyokula takriban dakika 7, ya subira ambayo sikuitarajia kwa kijana wa mbio na nguvu kama yeye, na ilipofika jaribio la nne likihitaji yadi 13, pale ambapo kukosa kungekuwa mwisho wa msimu, alimpata Davis kwa yadi 27 ndani ya eneo la mwisho. Saa ilisoma dakika 1 na sekunde 54. Stefon Diggs akadaka lile jaribio la pointi 2 na Bills wakaongoza 29 kwa 26.

Kuanzia hapo zilikuja dakika za lala salama ambazo hakuna aliyelala. Patrick Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, alimpa mpira Tyreek Hill naye akawaacha walinzi wetu kwa mbio za yadi 64, huku akiinua vidole viwili kuwaaga kabla hajafika, na ikawa 33 kwa 29 ikiwa imebaki dakika 1 na sekunde 2. Allen naye hakutetereka. Aliivusha timu uwanja mzima katika sekunde zisizozidi 50, akamtafuta tena Davis, akamkuta peke yake kwa yadi 19, na hiyo ilikuwa tachidauni ya nne ya Davis, idadi ambayo hakuna mpokeaji mwingine katika historia ya mtoano wa ligi hii aliyekuwa ameifikia. Matokeo yalikuwa 36 kwa 33, Bills mbele. Saa ilisoma sekunde 13.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, na mnisamehe nikikaa kwa muda mrefu kuliko sekunde zenyewe.

Kwa sheria za wakati ule, kocha anayeongoza kwa pointi 3 zikiwa zimebaki sekunde 13 ana teke moja la kupiga, lile la kuurudisha mpira mchezoni, na ana njia mbili za kulipiga. Akiupiga mpira mbali uingie eneo la mwisho la wapinzani, wapinzani wanaupumzisha hapohapo, wanaanza yadi ya 25 yao, na saa haisogei hata nukta moja, kwa kuwa saa huanza kutembea pale tu mpira unapoguswa ndani ya uwanja. Akiupiga chini, uende ukirukaruka na kuviringika, mpinzani analazimika kuuokota na kukimbia, na kila hatua anayopiga inakula saa: sekunde 3, 4, pengine 5. Chiefs wangeanza mbele zaidi ya yadi ya 25, ni kweli, lakini wangeanza na muda wa jaribio moja tu badala ya mawili. Tyler Bass, mpigaji wetu, aliupiga mbali. Mpira ukaingia eneo la mwisho, saa ikabaki 13, na watu wengi walioketi nyumbani wakashangilia kwa kuwa hakuna aliyekimbia nao.

Kwa nini waliupiga mbali? Wapo wanaosema ni uzembe, na mimi sikubaliani nao kabisa. Chiefs walikuwa na watu wenye mbio za ajabu, na mpira wa kuviringika huweza kumfikia mtu asiyetarajiwa mahali pasipotarajiwa. Klabu hii, zaidi ya klabu nyingine yoyote Marekani, inajua mpira mfupi wa sekunde za mwisho unavyoweza kugeuka msiba, kwa sababu ndivyo ilivyotolewa Nashville. Waswahili wamesema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Siwezi kudai kwamba yeyote kati ya makocha wa mwaka 2022 aliliwaza hilo pale pembeni mwa uwanja, lakini nawaambia mashabiki waliliwaza, na kama mpira ungeviringika, ukaokotwa na kurudishwa hadi mwisho, leo ningekuwa nahutubia nikiwalaumu makocha kwa kutoupiga mbali.

Kwa hiyo teke lile nalisamehe nusu. Kilichofuata bado kinanishinda.

Chiefs walikuwa na zile haki zao zote 3 za kusimamisha saa. Timu isiyo nazo, ikiwa na sekunde 13, hulazimika kurusha mpira kandokando ya mistari ya pembeni ili mchezaji adake na kutoka nje, saa isimame. Ndiyo maana ulinzi hujipanga kwenye mistari na kuiacha katikati, kwa kuwa atakayedaka katikati ataangushwa na saa itamwishia. Lakini timu yenye haki 3 haina shida na mistari. Inadaka popote, inaanguka popote, inainua mkono na saa inasimama. Bills walijipanga kana kwamba wanacheza na timu ya aina ya kwanza: walinzi wakarudi nyuma sana, wengine wakatunza pembeni, na katikati pakawa peupe. Hill akapokea pasi fupi, akakimbia, yadi 19, sekunde 5 zikatumika, saa ikasimama kwenye 8. Kabla ya jaribio la pili Travis Kelce, mchezaji mwingine wa Chiefs, alitazama jinsi walinzi walivyosimama, akamweleza Mahomes kwamba wakibaki vile ataiacha njia aliyopangiwa na kukata moja kwa moja kwenye uwazi. Walibaki vilevile, naye akafanya vilevile. Yadi 25, sekunde 5 nyingine, saa ikasimama kwenye 3. Butker, yuleyule aliyekosa teke jepesi, akapiga la yadi 49 likapita, na ikawa 36 kwa 36.

Hesabuni wenyewe. Yadi 44 kwa majaribio mawili, dhidi ya ulinzi wa kwanza katika ligi, na Chiefs wakabaki na haki moja ya kusimamisha saa ambayo hawakuihitaji. Pointi 25 zilikuwa zimefungwa katika dakika 2 za mwisho na timu zote mbili, na kati ya hizo 25 ni hizi 3 za mwisho tu zinazonitoa usingizini, kwa sababu zile nyingine zilitokana na vipaji vya watu, ilhali hizi zilitokana na mpangilio wetu. Kocha mkuu Sean McDermott, alipoulizwa na waandishi usiku ule na siku zilizofuata, alizungumzia utekelezaji kwa ujumla wake bila kueleza nani aliamuru nini. Simdharau, ndiye aliyeivunja ile laana ya misimu 17 katika msimu wake wa kwanza kabisa, 2017, na mji huu una deni kwake. Hata hivyo, mashabiki waliobaki na swali walikuwa na haki ya kupewa jibu, nami bado naona hawakupewa.

Sasa nije kwenye sarafu. Kwa sheria ya wakati ule, mshindi wa kura ya sarafu katika muda wa nyongeza alichagua kuanza na mpira, na akipata tachidauni katika safari yake ya kwanza mchezo ulikwisha papo hapo, mpinzani asipewe hata jaribio moja. Allen alichagua upande mmoja wa sarafu, sarafu ikaangukia upande wa pili. Chiefs wakasogea yadi 75, Kelce akadaka pasi ya yadi 8 ndani ya eneo la mwisho, na msimu ukafungwa huku Allen, aliyekuwa ametoka kucheza mchezo bora wa maisha yake, pasi 27 zilizofika kati ya 37, yadi 329, tachidauni 4 na hakuna hata moja iliyonaswa na adui, akiwa amesimama pembeni na kofia yake mkononi.

Ni picha ya dhuluma, na Marekani nzima iliiona hivyo. Takwimu nazo ziliunga mkono kilio hicho: tangu sheria ile ianze kutumika katika mtoano mwaka 2010 hadi mwisho wa msimu ule, michezo 12 ya mtoano ilifika muda wa nyongeza, washindi wa kura walishinda 10, na 7 kati ya hiyo iliamuliwa katika safari ya kwanza tu. Machi 29, 2022 wamiliki wa timu walipiga kura 29 kwa 3 kuibadilisha, kwamba katika mtoano kila timu lazima ipate mpira angalau mara moja. Chiefs wenyewe walikuwa wameomba badiliko kama hilo mwaka 2019, baada ya kutolewa na Patriots kwa namna hiyohiyo huku Mahomes akitazama, na wakakataliwa. Ndipo tunapojifunza jinsi sheria zinavyoandikwa: mara nyingi husubiri mtu wa pili alie.

Naiafiki sheria mpya. Ninachokataa ni faraja iliyokuja nayo, ile sauti inayotuambia kwamba tulidhulumiwa na bahati na kwamba mambo sasa yamerekebishwa. Tazameni kilichotokea wiki moja tu baadaye, Januari 30, katika uwanja uleule, chini ya sheria ileile ya zamani. Chiefs walicheza na Cincinnati Bengals, mchezo ukafika muda wa nyongeza, na Chiefs wakashinda kura kwa mara nyingine. Uwanja mzima ulilipuka kwa shangwe kana kwamba mchezo umekwisha. Lakini walinzi wa Cincinnati waliunasa mpira wa Mahomes, wenzao wakausogeza, mpigaji wao akapiga teke la yadi 31, na Bengals wakaenda Super Bowl kwa 27 kwa 24. Sarafu ilikuwa ileile na mpinzani alikuwa yuleyule. Bengals walimzuia, sisi hatukumzuia, si katika muda wa nyongeza wala katika zile sekunde 13 kabla yake. Nayo sheria mpya ilipotumika kwa mara ya kwanza, katika Super Bowl ya Februari 2024, nani alifaidika? San Francisco 49ers walianza wakapata pointi 3, Chiefs wakajibu kwa tachidauni na kuchukua ubingwa 25 kwa 22. Badiliko lililozaliwa na machozi ya Buffalo lilimfaa kwanza Mahomes, na ninyi mnaocheka huko nyuma najua mnacheka kwa kukosa la kufanya.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mji huu unajua kukubali. Mwaka 1991, siku moja baada ya teke la Norwood, maelfu ya watu walikusanyika Niagara Square, katikati ya mji wetu, na badala ya kumzomea walimwita kwa jina lake mpaka akasimama mbele yao akilengwalengwa na machozi. Hata upinzani na Kansas City ulizaa jambo ambalo sikulitarajia: baada ya usiku wa Arrowhead, mashabiki wa Chiefs walianza kuchangia hospitali ya watoto ya Oishei hapa Buffalo, dola 13 kwa kila mmoja, michango ikafika mamia ya maelfu ya dola. Waliiga desturi ya watu wa hapa, ambao mwaka 2020, Allen alipofiwa na bibi yake, Patricia, waliichangia hospitali hiyohiyo dola 17, namba ya jezi yake, hadi ikapita milioni moja. Baadhi yenu mmewalaza watoto katika hospitali hiyo.

Lakini kukubali kushindwa hakumzuii mtu kuuliza aliposhindwa, na vijana wakiniambia ni sarafu nitawajibu kwamba sarafu ilirushwa kwa sababu kulikuwa na 36 kwa 36, na 36 kwa 36 ilikuwapo kwa sababu katikati ya uwanja pakaachwa peupe mara mbili mfululizo mbele ya timu yenye haki zote 3 za kusimamisha saa. Najua miongoni mwenu yupo aliyejiandaa kunijibu kwamba hata Bills wangejipanga vizuri, Mahomes angepata njia. Inawezekana. Mkanda uko tayari kwenye mashine, na naomba tuutazame kuanzia pale Bass anapouweka mpira chini. Atakayeniona nimekosea asimamishe picha kabla Kelce hajaanza kukimbia, aje hapa mbele, na atuonyeshe yeye angemweka mlinzi gani wapi.